Kauka Nikuvae ya Delta

Leo ni nguo. Sisemi mitindo wala mishono ya harusi. Hiyo ina watu wake. Nasema nguo za mtu ambaye zake zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, naye anaishi kwetu delta ya Tana, mahali ambapo hali ya hewa hugeuka mara tano kwa mwaka.

Mara tano? Najua kuna atakayeguna. Wenzetu wa bara wamezoea kutuambia kwamba pwani ni joto tu, shati moja latosha, na aliyezaliwa Ozi hajui baridi ni kitu gani. Maneno hayo husemwa na mtu aliyekuja Desemba, akala maembe, akarudi kwao. Laiti angefika mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, akaketi kwenye mtumbwi na shati lililorowa huku upepo wa kusi unamwingia mbavuni, angeomba sweta kwa jina la Mungu.

Basi tuupitie mwaka, tuone kila msimu unamtaka mtu avae nini, na mwenye nguo chache hufanya nini.

Tuanze na kaskazi, ambao ndio msimu rahisi. Kuanzia Desemba hadi Machi jua halina mzaha, na nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Mwenye kauka nikuvae yake hana haja ya kumwonea mtu wivu: anafua asubuhi, anajifunga msuli au leso, adhuhuri anavaa shati safi. Lakini ndiyo miezi ya jasho, na jasho la shambani halina adabu. Jambo ambalo watu wa mjini hawalifikirii ni kwamba joto likizidi, mkulima huongeza nguo, hapunguzi. Aliyeko ofisini hufungua kifungo cha shati. Aliyeinama juani kutwa anahitaji mikono mirefu, kofia, kitambaa shingoni, kwa sababu hana paa. Kwa hiyo kile kichache alichonacho chote kiko mwilini, chote kina jasho, na jua linakila rangi. Ukiona shati la mtu limepauka mabegani na bado lina rangi yake chini ya kwapa, usiulize kazi yake.

Halafu kuna chumvi. Hapa naomba tukae kidogo, maana hili ni la Ozi hasa.

Ozi iko kilomita chache tu kutoka mahali Tana inapoingia baharini, pale Kipini. Watu wake wameishi na kupwa na kujaa tangu enzi za mababu: bahari ikijaa, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, yakapanda, yakaingia kwenye majaruba ya mpunga bila pampu wala mashine. Ni kilimo cha akili, na kilimpa mtu wali, maembe, nazi na ndizi mahali pamoja. Lakini hesabu hiyo inataka mto uwe na nguvu. Mto ukinywea, bahari haisukumi tena maji matamu, inaingia yenyewe. Miaka hii chumvi imekuwa ikipanda mbali zaidi na kukaa zaidi, mpunga ukaungua, miembe mikubwa ikafa ikiwa imesimama. Hayo mmeyasikia kwenye taarifa za habari. Lisilosemwa ni kufua.

Chukua shati moja ulifue kwa maji yenye chumvi. Sabuni haitoi povu. Unasugua, unaongeza, mche uliokusudiwa wiki mbili unaisha kwa wiki moja. Unaanika, linakauka gumu kama dagaa. Usiku unyevu wa mto ukipita, ile chumvi iliyobaki kwenye uzi huyavuta maji ya hewani, na asubuhi unavaa nguo uliyoianua ikiwa kavu lakini sasa yakugusa mgongo kwa ubaridi. Ukitembea, inakuwasha kwapani na mapajani. Mwenye nguo kumi ataweka kando za kufuliwa, asubiri apate maji ya kisima au ya mvua. Mwenye mbili hasubiri. Ndiyo maana nasema uchache wa nguo hauhesabiwi kwa kuchungulia sanduku peke yake. Hesabu na maji ya kuzifulia. Mashati mawili yaliyo karibu na maji matamu ni mengi kuliko manne yaliyo karibu na chumvi.

Tuje masika. Aprili, Mei, wakati mwingine hadi Juni. Sasa shida inageuka kichwa chini: maji matamu ni tele, jua ndilo halipo. Unafua Jumatatu, Alhamisi bado zinanuka uvundo. Unaanika chini ya makuti, juu ya kamba iliyopita karibu na meko, na nguo zote za nyumba zinanuka moshi. Vidoa vyeusi vya ukungu vinaingia kwenye kola ya kanzu, na hivyo, wallahi, havitoki. Udongo wetu mweusi wa delta nao ukishika maji haumwachii mtu. Ndara hubaki nyuma, mguu ukaendelea mbele. Buibui huzoa tope pindoni, likawa zito, na mwenyewe akalipandisha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto.

Hapo pa buibui niseme jambo. Mwanamume akirowa njiani huvua shati, akalikamua mbele za watu, akalivaa tena, na hakuna aliyeangalia mara mbili. Mwanamke hana ruhusa hiyo. Akirowa saa mbili asubuhi, amerowa hadi afike kwake. Kwa hiyo tunapohesabu nani ana nguo chache, tumhesabie mwanamke zaidi ya zinazoonekana: anahitaji ya kufunika ile iliyorowa, ya kubadilisha, ya kubebea mtoto, na moja safi iliyowekwa mbali ya kuswalia, ambayo haiguswi na kazi. Ukiwa nazo tatu na moja ni ya sala, unazo mbili.

Masika yakipungua, kipupwe kinaingia, na kusi inavuma sawasawa. Juni, Julai, Agosti. Kipimajoto hakitakupa nambari ya kutisha. Mtu wa Nyahururu akiisoma atacheka. Lakini mwili hausomi kipimajoto. Mwili uliozoea hari, ukalowa, ukapigwa na upepo wa baharini, unatetemeka kwa haki yake. Wavuvi wa Kipini wanalijua hili, na ndiyo sababu utawaona na makoti mazito ya mitumba, mengine yana manyoya ya bandia kwenye kofia, yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji. Watalii huwapiga picha wakadhani ni kichekesho. Mimi naona ni watu waliojua kununua.

Baadaye kusi hupoa, bahari hutulia, na mvua za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Vuli ya zamani ilikuwa mvua ya kupita, inakunyeshea mchana na jioni jua linakukausha. Ya 2023 hamwezi kuisahau. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa kwenye nchi kavu za Kenya, ng'ombe wakaisha, vuli ile ilikuja na El Niño na kumwaga yote kwa pamoja, na Tana River ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mtu aliyekuwa akivaa kwa ajili ya vumbi mwezi wa tisa alikuwa ndani ya maji hadi kifuani mwezi wa kumi na moja, na nguo ni zile zile.

Mpaka hapo ni misimu minne. Wa tano hauna jina kwenye kalenda yetu ya pepo, maana wazee walioipanga kalenda hiyo hawakuwa na mabwawa. Ni msimu wa mafuriko ya anga safi. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kama kilomita 1,000, na maji yake yanaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981 ambalo ndilo kubwa, na Kiambere la 1988. Mvua ikinyesha Murang'a na Nyeri, mabwawa yakajaa pomoni, maji humwagika kuja kwetu. Yanachukua siku kadhaa kupita Garissa, Hola, hadi Garsen. Kwa hiyo unaweza kuwa Ozi, jua linawaka, umeanika, huna hili wala lile, na mto unapanda hatua kwa hatua hadi chini ya kamba yako. Umevaa nguo za kiangazi na umesimama ndani ya masika ya watu wengine.

Ni huko kwenye msimu wa tano ndiko nguo huisha. Shati halimalizwi na kuvaliwa; humalizwa na kuhama. Mafuriko ya 1961 wazee wanayasimulia, ya 1997 na 1998 sisi tuliyaona, na ya 2024 hata watoto wa chekechea watayasimulia. Na tazameni yalivyoangukia. Idd-ul-Fitri mwaka huo ilikuwa tarehe 10 Aprili. Kila mzazi aliyeweza alikuwa amejikamua: gauni la msichana, kanzu ndogo na kofia ya mvulana, vyote vimenunuliwa vikubwa kidogo ili mtoto akulie ndani, avae na Idd ijayo. Wiki tatu hazikupita, maji yakaingia nyumbani. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zikasogezwa, zikasogezwa tena, hadi zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Zilipofunguliwa, kuna watoto ambao nguo yao safi peke yake ilikuwa ile ya Idd, kwa sababu ndiyo mama aliyoinyakua kwanza. Sare ilikwenda na mto.

Idd yenyewe, kwa vile hufuata mwezi, hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2016 ilituangukia Julai, kwenye upepo wa kusi; 2030 itakuwa Februari, kwenye jua la kaskazi. Kwa hiyo hata ile nguo mpya moja ya mwaka haina msimu wake. Unainunua bila kujua itazeekea kwenye tope au kwenye vumbi.

Sasa nifike pale ninapotaka kugombana na mtu. Sweta la shule.

Chukueni ile barua inayopewa mwanafunzi anapojiunga na shule. Sweta la rangi fulani, lenye nembo. Soksi ndefu. Viatu vyeusi vya ngozi. Tai, shule nyingine. Orodha hiyo haina tofauti kubwa na ya shule ya Limuru, kule ambako mtoto huamka na ukungu dirishani. Sisi tumeichukua kama ilivyo, tumeishusha hadi usawa wa bahari, na tunawarudisha watoto nyumbani kwa kuikosa. Mwezi wa pili mtoto anakaa darasani chini ya bati, sweta limefungwa kiunoni, na mwalimu anamwambia alivae vizuri. Anavaa. Anasoma huku jasho linamtiririka kwenye daftari.

Mtetezi wa sweta ataniambia: je, Julai? Haki yake. Julai asubuhi sweta lina kazi. Lakini hebu tumfuate mtoto mwenye sweta moja. Masika yanamnyeshea akitoka shule Jumanne. Lile sweta la uzi wa nailoni na akriliki linanywa maji, linakuwa zito, na siku hizo hazina jua, kwa hiyo Jumatano na Alhamisi liko kwenye kamba. Siku ya baridi ya kweli, siku ile moja ambayo lingemfaa, ndiyo siku analikosa. Siku za joto analo. Ukiniuliza mimi, kwa shule za delta ningeandika hivi: shati la mikono mirefu lenye pamba ya kutosha, mawili kama inawezekana, sweta kwa hiari ya mzazi na la rangi yoyote iliyo karibu, na viatu vya plastiki au ndara zikubaliwe rasmi mvua ikianza. Mikono mirefu itamkinga na mbu pia, ambao baada ya mafuriko hawana huruma. Najua walimu wengi wanafumba jicho wakati wa tope. Kufumba jicho ni wema, lakini hakumo kwenye barua ya shule, na mzazi maskini hununua kinachoandikwa.

Na sare ikishanunuliwa, je? Nguo zake nyingine zote anazitoa kwenye mitumba, na hapo pana hadithi inayoniuma, tena ni ya kaunti yetu wenyewe.

Tana River ilikuwa nchi ya pamba. Mradi wa kumwagilia maji wa Hola ulianza 1953, wakati wa ukoloni, na hali yake ya mwanzo mnaijua: wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kazi huko, na tarehe 3 Machi 1959 wakauawa kumi na mmoja kwa kipigo. Baada ya Uhuru mradi uliendelea kama skimu ya wakulima wa pamba. Bura nayo ikafuata, familia za kwanza zikapewa mashamba 1981, pamba tena. Hiyo pamba ilikuwa na pa kwenda. Nchi ilikuwa na KICOMI Kisumu, Rivatex Eldoret, Mountex Nanyuki. Mashati yakishonwa hapa, yamefumwa hapa, kwa uzi wa hapa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyote vikaporomoka karibu pamoja. Hola, mto ulihama mkondo wake ukaziacha pampu zinavuta hewa. Bura, mitambo ikachoka na pesa zikakauka. Muda si mrefu soko likafunguliwa kwa mitumba, viwanda vikafunga milango kimoja baada ya kingine, na mkulima aliyekuwa akichuma pamba akaanza kuchambua nguo zilizoachwa na mtu wa Canada.

Sitaki mtu anielewe vibaya: siwapigi vita wauza mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondoa kwenye mpango wake wa biashara wa AGOA, na Kenya ikawa ya kwanza kurudi nyuma. Mwaka 2020 serikali ikazuia mitumba kwa sababu ya korona, kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, na miezi ile tuliona wazi kwamba hatuna kingine cha kuvaa. Aliyekuwa na shati moja alibaki nalo.

Lakini mitumba ina tabia yake, na mnunuzi wa delta lazima aijue. Robota hufungwa huko Ulaya kwa kufuata msimu wa kule. Mtu wa kule husafisha kabati lake baridi ikimalizika, akatoa makoti. Nguo nyepesi za pamba anazitoa zikiwa zimechakaa, kwa sababu alizivaa hadi mwisho. Robota likifunguliwa Mombasa, kamera, yaani zile nzuri za kwanza kuchaguliwa, huondoka pale pale Kongowea. Zikifika Malindi zimechujwa. Zikifika Garsen zimechujwa tena. Kinachovuka kwa mashua hadi Ozi mara nyingi ni fagia: jinzi nzito isiyokauka wiki nzima, koti la theluji, fulana ya mbio za hisani za mji usioujua. Basi mwenye pesa kidogo anachagua kati ya nzito nzuri na nyepesi mbovu.

Na hapa wataalamu wa mavazi hutuambia, kwenye joto vaeni pamba. Kweli, pamba inapumua, inanywa jasho. Lakini nimewaona akina mama wengi wakipita pamba na kuchukua dera la poliesta jepesi, na zamani nilidhani ni mambo ya rangi na maua. Sivyo. Poliesta ukiikamua usiku na kuitundika ndani ya nyumba, alfajiri imekauka. Pamba bado. Mwenye nguo mbili hachagui ile inayompendeza mwili. Anachagua ile itakayokuwa kavu saa kumi na mbili asubuhi. Atatoa jasho mchana, sawa, lakini atatoka nyumbani akiwa mkavu. Huo ni ujuzi wa mtu aliyeishi na kamba ya kuanikia, na hakuna mtaalamu atakayemfundisha.

Iko lakini nguo moja ambayo ningeitetea mbele ya hakimu. Leso kwa mwanamke, msuli au kikoi kwa mwanamume. Nguo isiyoshonwa. Siku hizi vijana wanaiona ya nyumbani, ya kulalia, ya wazee. Iangalieni tena mkiwa na mwaka wetu huu wa misimu mitano mkononi. Jozi ya leso, vipande viwili: kimoja kiunoni, kimoja begani. Jua likikaza, cha begani chapanda kichwani. Baridi ikija, chazunguka kifua mara mbili. Mtoto akilala, chamfunga mgongoni. Ndoo ya maji ikisubiri, chakunjwa kata. Usiku ni shuka, mlangoni ni pazia, mtu akitoka kuoga ni taulo, maji yakiingia nyumbani chafungwa furushi na ndani mna unga na sabuni. Haina saizi, kwa hiyo mtoto hakui akaiacha na mama hanenepi akaipasua. Ikirowa, ni kitambaa kimoja chembamba kisicho na kola wala mfuko wa kuficha maji. Ukiitandaza upeponi itawahi kukauka kuliko jinzi yoyote. Ile nyumba ya Mombasa inayotoa leso za Mali ya Abdulla imekuwa kwenye biashara hiyo tangu 1887, na hainishangazi.

Sisemi mtu aende benki na msuli, ijapokuwa Lamu huenda na hawafi. Nasema tu kwamba wakati wahisani wanapokusanya nguo za waathirika wa mafuriko, na magunia yanafika yakiwa na suti na viatu vya kisigino kirefu, kuna mtu hakuuliza swali. Pesa ile ile ya kusafirisha gunia la makoti ingelipa jozi za leso, misuli, na miche ya sabuni. Na ndoo.

Naam, ndoo. Nimeiacha mwisho makusudi. Kabati la mbao kwenye nyumba ya mtoni ni la kufurahia wakati wa kaskazi tu. Masika likivimba milango haifungi, na mafuriko yakija halibebeki. Sanduku la bati la bweni huota kutu, nayo kutu huchora nguo. Ndoo ya plastiki ya lita ishirini yenye kifuniko cha kukaza haiingizi maji, haitoboki kwa panya upesi, yabebeka kwa mkono mmoja, na ikianguka mtoni yaelea. Tukubali kwamba hilo ndilo kabati la delta, kisha tupange mavazi kwa kipimo chake.

Nimejaribu kuipanga. Jozi mbili za leso, moja haina doa, ni ya sala. Msuli mmoja. Dera la poliesta. Mashati mawili ya mtoto na kaptula yake. Kanzu ya Ijumaa ikikunjwa kwa makini. Vitambulisho na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya nguo. Imejaa hadi shingoni. Sweta la shule linaingia tu ukitoa jozi moja ya leso, na mtu akinilazimisha nichague, naliacha sweta.